Kamera Iwe ya Mwisho: Kuchagua Vifaa vya Kupigia Picha Samaki wa Tangini

Ndugu mwenyekiti, wafugaji wenzangu wa samaki, na ninyi mliovutwa na neno kamera tu wala hamna hata samaki mmoja nyumbani: habari zenu, na asanteni kwa kunikaribisha.

Swali nililoletewa kabla sijasimama hapa ni lile lile ninaloulizwa kila mara: "Nataka kuwapiga picha samaki wangu, ninunue kamera gani?" Nitalijibu, lakini mniwie radhi, nitalijibu baadaye. Katika kazi hii kamera ndicho kifaa chenye mchango mdogo kuliko vyote. Mwanga unatangulia, kioo cha tangi kinafuata, halafu lenzi, ndipo kamera. Anayeanza na kamera humaliza fedha zake hapo hapo, akabaki na kifaa kizuri kinachotazama giza kupitia kioo kichafu.

Tuanze na giza hilo. Keti mbele ya tangi jioni, taa ya chumba imezimwa, ya tangi inawaka. Macho yanakuambia mwanga upo tele, kila gamba unaliona. Yanakudanganya. Mboni imepanuka na ubongo umeshafanya marekebisho bila kukuomba ruhusa. Jua la mchana lisilo na wingu huangaza kiasi cha laksi 100,000, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaofika mahali. Taa ya tangi inayotoa laksi elfu chache pale juu ya maji ni taa ya kujivunia, na sehemu ya mwanga wake hupotea njiani kabla haujamfikia samaki anayetembea karibu na mchanga. Kamera haina ubongo wa kukufichia upungufu huo.

Juu ya giza hilo weka tabia za samaki mwenyewe. Samaki hatulii. Hata yule unayemwona amesimama, mapezi yake ya kifuani yanapepea muda wote. Ili yasigeuke ukungu, shata ya kamera inatakiwa ifunguke na kufunga ndani ya 1/200 ya sekunde, na kwa wale wadogo wanaochomoka ghafla, 1/500. Wakati huo huo unataka jicho, magamba na mkia vyote vionekane vizuri, kwa hiyo unabana tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo), na kila ukilibana unapunguza mwanga. Mlango unaobaki ni kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga. Kwa taa ya kawaida itakimbilia 6400, pengine zaidi, picha ijae chenga, na chenga zianze kwa kumeza kile kile ulichokitaka: mistari myembamba ya magamba na miale ya mapezi. Hapo ndipo watu husema kamera yao haifai, wakaenda kutafuta nyingine.

Tatizo hili ni la zamani kuliko sisi sote. Mfaransa Louis Boutan alipopiga picha chini ya bahari kule Banyuls-sur-Mer mwaka 1893, kichwa kilimuuma kwa ajili ya mwanga, hadi wakatengeneza taa ya kuunguza magnesiamu iliyofungwa juu ya pipa lenye oksijeni ili iendelee kuwaka humo majini. Fikirieni mtu anashuka baharini na pipa kwa sababu ya picha! Katika miaka ya 1930, Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, akaendeleza flashi ya umeme yenye mmweko mfupi sana, na kuanzia hapo hata tone la maziwa linaloruka lingeweza kuonekana limeganda hewani. Jambo la kushika kutoka kwa Edgerton ni hili: kinachogandisha mwendo ni ufupi wa mmweko, wala si kasi ya shata.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ninachowaambia watu wanunue ni flashi. Sisemi ile ndogo inayochomoza juu ya kamera; nasema flashi ya kujitegemea, yenye betri zake, unayoweza kuipunguza nguvu kwa mkono. Ukiiwasha kwa nguvu zote, mmweko wake hukaa karibu 1/1000 ya sekunde au zaidi ya hapo. Ukiishusha hadi 1/16 ya nguvu, mmweko unakuwa mfupi mno, mara nyingi karibu na 1/10,000. Samaki wa aina yoyote ataganda kwa mmweko huo, mkia na yote. Halafu kuna faida ya pili: flashi iliyoshushwa nguvu hujichaji haraka, kwa hiyo unaweza kupiga picha kadhaa mfululizo samaki akiwa bado yuko pale unapomtaka.

Shata yenyewe iache kwenye 1/200. Kamera nyingi hazikubali kufanya kazi na flashi kupita 1/200 au 1/250. Ukizidisha, pazia la shata linatokea kwenye picha kama utepe mweusi. Kwa ISO 200 na f/8, mwanga wa taa ya tangi hauchangii karibu chochote, picha yote inatengenezwa na flashi. Hilo lina athari ambayo wengi hushangaa nayo: usuli unakuwa mweusi. Wapo wanaoupenda weusi huo, mimi nikiwa mmoja wao kwa samaki wenye rangi kali. Lakini kama umeotesha mimea na unataka ionekane, itakubidi uwe na flashi ya pili, inayomulika nyuma ya tangi.

Sasa, flashi ikae wapi? Juu ya maji, ikitazama chini. Samaki katika mito na bahari humulikwa kutoka juu, na miili ya wengi wao imepakwa rangi kwa hesabu hiyo: mgongo mweusi, tumbo jeupe. Magamba yao yana chembechembe za guanini zinazoakisi mwanga, na rangi unayoiona hubadilika kadiri mwanga unavyokuja kwa pembe tofauti. Ule mstari wa buluu wa yule samaki mdogo aitwaye tetra neoni ni mwakisi wa aina hiyo, si rangi ya kupakwa, na ndiyo maana ukimmulika kutoka mbele anaweza kuonekana kafifia ilhali kwa macho yako anawaka. Flashi iliyokaa juu ya kamera ina kosa jingine baya zaidi: inapiga kioo cha tangi na kukurudia moja kwa moja kwenye lenzi. Kwa hiyo nunua na triga ya redio, kile kifaa kidogo kinachoiambia flashi iwake ikiwa mbali na kamera. Hata waya wa kuunganishia unatosha kama huna haraka.

Hapa watu hupoteza fedha kwa flashi zenye akili nyingi, zile zinazopima zenyewe kiasi cha mwanga. Samaki wa rangi ya fedha aliye mbele ya usuli mweusi huzichanganya flashi hizo kila mara: picha hii imeungua, ile imezama gizani. Umbali kati ya flashi yako na tangi haubadiliki. Pima mara moja, weka nguvu kwa mkono, basi. Flashi ya kawaida isiyo na akili yoyote inafanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa bei ndogo zaidi.

Kimo cha flashi kina hesabu yake, na naomba mnivumilie kidogo kwa sababu hesabu hii huokoa picha nyingi. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Tuseme flashi iko sentimita 10 juu ya maji. Samaki aliye kwenye kina cha sentimita 10 yuko sentimita 20 kutoka kwenye flashi, na aliye kwenye kina cha sentimita 40 yuko sentimita 50. Yule wa juu anapata mwanga zaidi ya mara 6 ya yule wa chini. Sasa inua flashi hadi sentimita 50 juu ya maji: umbali unakuwa 60 na 90, na tofauti inashuka hadi mara 2 na kidogo. Utahitaji nguvu zaidi, lakini hutalazimika kurekebisha mipangilio kila samaki anapopanda au kushuka. Chini ya flashi weka kipande cha plastiki nyeupe kinachopitisha mwanga, ili vivuli vilegee. Na mchanga wa rangi nyepesi utakusaidia bure, maana unarudisha mwanga kwenye matumbo ya samaki.

Tahadhari moja sitairuka. Ndani ya flashi kuna kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, yenye volti 300 hivi, na hubaki imechajiwa hata ukiizima. Chombo hicho unakiweka juu ya maji. Kifunge kwa kamba kwenye stendi, usikiegemeze, na kati yake na maji kuwe na kifuniko cha kioo kisafi. Usiniambie una mikono imara.

Dada pale nyuma ameuliza mapema kama flashi inawaumiza samaki. Wengi wa samaki hawana kope za kufumba, kwa hiyo mmweko wa ghafla katika giza unawashtua kweli, utawaona wanajigonga kwenye kioo. Ninachofanya ni kuiacha taa ya tangi ikiwaka muda wote wa kupiga, ili macho yao yawe yamezoea mwanga. Watatu wanne wa kwanza hushtuka, kisha wanarudi kwenye shughuli zao. Wale wasiorudi, waachwe. Samaki aliyeletwa leo asipigwe flashi, anayelinda mayai asipigwe, mgonjwa asipigwe. Na katika matangi ya maonyesho ya watu wote, sehemu nyingi flashi imekatazwa kabisa. Hapo huna la kujadiliana na mlinzi.

Tuje kwenye kioo, kifaa ambacho tayari unacho na hukukichagua kwa ajili ya picha. Mwanga unapotoka majini, ukapita kwenye kioo na kuingia hewani, unapinda mara mbili. Ukitazama kwa kunyooka, kupinda huko hakukusumbui. Ukitazama kwa mshazari, kila rangi inapinda kwa kiasi chake, na kingo za samaki zinaota utepe mwekundu upande mmoja na wa buluu upande wa pili, huku picha nzima ikilegea. Hakuna lenzi ya kuponya hilo, hata ile ya bei ya kutisha. Kwa hiyo lenzi itazame kioo uso kwa uso. Subiri samaki aje mbele yako. Usimfuate kwa kupinda kamera. Kwa sababu hiyo hiyo matangi ya duara nimeyakatia tamaa. Mtu akiniletea bakuli la mviringo na kuniuliza lenzi gani inafaa, namjibu kwamba anahitaji tangi lingine.

Kifaa chenye thamani kubwa kuliko bei yake ni kofia ya mpira ya lenzi. Unaigusisha kwenye kioo, na mwakisi wa chumba chote unakatika: dirisha, taa, uso wako mwenyewe. Kwa kuwa ni mpira, inakuruhusu kuyumba kidogo bila kukwaruza. Ukiwa mbali na kioo, chukua kitambaa cheusi, kitoboe tundu la kupitisha lenzi, kining'inize mbele yako. Zima taa za chumba, vaa shati jeusi. Vitu hivi havina fahari ya dukani lakini vinashinda filta ya polaraiza, ambayo watu hushauriana kuinunua kila siku. Filta hiyo huondoa mwakisi wa kioo vizuri zaidi ukitazama kwa pembe ya digrii 56 hivi kutoka kwenye mwelekeo wa kukitazama kioo uso kwa uso, na kwa pembe hiyo picha ya samaki imeshaharibika. Ukitazama uso kwa uso haisaidii kitu, ila inakula zaidi ya nusu ya mwanga wako. Iacheni dukani.

Usafi nitausema kwa kifupi kwa sababu mnaujua. Mwani ufutwe ndani, alama za vidole nje, na maji yabadilishwe mapema ili vijipovu vipate muda wa kuondoka kwenye kioo. Fokasi ya kamera hupenda sana kukamata povu. Akriliki ina mikwaruzo ambayo macho hayaoni hadi flashi iiwashe yote kwa pamoja. Mwenye tangi la akriliki achague mapema sehemu yake nzuri na apigie hapo.

Haya, lenzi. Watu hutaja milimita kabla ya kutaja samaki. Mimi nauliza: samaki wako ana urefu gani? Tetra neoni ana sentimita 3. Kwenye kamera ya fremu kamili, ambayo sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ina upana wa milimita 36, ukitaka achukue theluthi mbili za picha, taswira yake kwenye sensa iwe milimita 24. Gawanya 24 kwa 30, unapata ukuzaji wa 0.8. Lenzi za kawaida hazifiki huko. Hapo unahitaji makro, lenzi inayoweza kumchora samaki kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1. Sasa chukua samaki wa sentimita 12, sema skalare aliyekomaa au samaki wa dhahabu. Gawanya 24 kwa 120: ukuzaji 0.2 tu. Lenzi nyingi za milimita 18-55 zinazouzwa pamoja na kamera hufika karibu 0.3. Mwenye samaki wa dhahabu basi hana sababu ya kununua makro, fedha hiyo aipeleke kwenye flashi ya pili. Mwenye tetra, gapi, kamba wadogo au vifaranga, makro ni lazima.

Na kadiri unavyokuza, ndivyo eneo linaloonekana vizuri linavyokuwa jembamba. Kwa ukuzaji wa 0.2 na f/11, una unene wa sentimita 2 hivi za kuchezea, samaki mzima anaenea. Kwa ukuzaji wa 0.8 na f/11 ile ile, unabaki na milimita 2. Ndiyo maana sifa za lenzi ya f/1.4 hazina kazi hapa, utailipia tundu kubwa usilolitumia. Wala usikimbilie f/22 ukidhani utapata unene zaidi bila gharama: kwenye makro tundu dogo mno hutawanya mwanga na picha nzima inalainika. Kaa kati ya f/8 na f/13, na mngoje samaki akupe ubavu sambamba na kioo. Milimita 2 zinatosha kwa tetra aliyekaa sambamba, hazimtoshi aliyekukabili.

Urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita, ni suala la nafasi. Makro ya milimita 60 inafika 1:1 ikiwa chini ya sentimita 10 kutoka kwenye kitu, kwa hiyo samaki awe amejibandika karibu na kioo cha mbele. Ya milimita 100 inakupa sentimita 13 hadi 15, unapumua. Zile za 150 na 180 zinakupa zaidi, ila ni nzito, na samaki akiwa mbali ndani ya tangi unapiga kupitia maji mengi, na maji yana vumbi lake. Kwa kamera ya fremu kamili ninachagua 90 hadi 105. Kwa sensa ndogo ya APS-C, 60 inafanya kazi nzuri na wapo wanaopenda 90 hata hapo. Makro za zamani zisizo na fokasi ya umeme msizidharau. Tamron wamekuwa wakitengeneza makro ya milimita 90 tangu 1979, na lenzi ya aina hiyo ikiwa haina kuvu bado inaleta picha safi kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu fokasi ya kujiendesha husuasua katika kazi hii. Inakamata mkwaruzo, povu, jani, kisha inasafiri kutoka mwisho mmoja wa lenzi hadi mwingine samaki akiwa ameshaondoka. Ukiitumia, chagua nukta moja, na kama lenzi ina swichi ya kuwekea mipaka ya fokasi, itumie. Wengi wetu tunafanya hivi: tunaweka fokasi kwa mkono kwenye umbali tunaoutaka, kisha tunayumba mbele na nyuma polepole, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, na kubonyeza jicho la samaki linapoingia kwenye ukali. Kwa sababu hii sipendi tripodi. Samaki hangoji mtu anayekaza na kulegeza skrubu, na flashi imeshaondoa mtikisiko wa mkono. Stendi ya kushikilia flashi, ndiyo, nunua iliyo imara. Ya kamera acha, isipokuwa unapiga picha ya tangi zima lenye mimea.

Asiye na uwezo wa makro ana njia mbili. Ya kwanza ni ringi za kurefushia, zile zinazokaa kati ya kamera na lenzi na hazina kioo ndani. Lenzi ya milimita 50 ukiiongezea ringi za jumla ya milimita 25 unaiongezea ukuzaji wa 0.5 juu ya ule wake. Hakikisha ringi zina pini za umeme za kuwasiliana na kamera, vinginevyo kwa lenzi nyingi za kisasa hutaweza kubadilisha tundu. Njia ya pili ni lenzi ya nyongeza ya kufunga mbele, na hapo bei inasema kweli: za bei ya chini hulainisha pembe za picha na kumwaga rangi kwenye kingo.

Sasa ndugu aliyetaka jina la kamera, zamu yako imefika, na jibu langu ni fupi. Kamera yoyote inayobadilisha lenzi, yenye mipangilio ya mkono, yenye pahali pa kuchomekea triga, inayohifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Ya miaka kumi iliyopita inatosha, kwa kuwa ukishatumia flashi unapiga kwa ISO 200, na kwa ISO hiyo kamera za zamani na za sasa ni vigumu kuzitofautisha. Sensa ndogo wala haikupunguzii heshima. Yule tetra wa sentimita 3 anahitaji ukuzaji wa 0.8 kwenye fremu kamili lakini karibu 0.5 tu kwenye APS-C, na kwa f/11 ile ile unapata unene kidogo zaidi wa fokasi. Kama nina hamu na kitu kimoja kwenye kamera, ni skrini inayoinama. Matangi mengi yako chini ya kifua, samaki wazuri hupenda kukaa chini zaidi, na magoti yana mwisho wake.

Fremu kamili ya kisasa inastahili bei yake kwa mtu mmoja: anayepiga mahali ambapo flashi imekatazwa. Huyo anaishi kwenye ISO 6400, na sensa kubwa itamlipa kila picha. Yeye pia ndiye mwenye haki ya kutamani lenzi ya f/2.8 au f/1.8, akubali jicho tu liwe kali na mkia uende zake.

Wenye simu, msijikunyate. Simu ina sensa ndogo sana, na kwa hiyo ina unene mkubwa wa fokasi. Tetra mzima anaonekana vizuri. Tatizo lake ni giza. Mwanga ukipungua, simu huunganisha picha kadhaa kuwa moja. Ukuta unatoka safi, samaki anatoka na mikia mitatu. Tiba ni kuongeza taa juu ya tangi wakati wa kupiga, taa yoyote nyeupe yenye nguvu, kisha kutumia programu inayokuruhusu kuchagua kasi ya shata. Taa ya simu yenyewe izimwe. Lenzi iguse kioo inapowezekana. Na ule ukuzaji wa vidole viwili kwenye skrini haukuongezei chochote, utakata picha baadaye mwenyewe. Mwenye simu ya lenzi ya mbali aangalie vizuri: nyingi haziwezi kufokasi kwa karibu, kwa hiyo simu hurudi kimya kimya kwenye lenzi kuu na kukupa kipande chake kilichokuzwa.

Wenye matangi ya matumbawe mna shida yenu ya buluu. Taa zenu hulenga karibu nanomita 450, na kamera hushindwa kurekebisha weupe kiasi hicho, kila kitu kinageuka zambarau. Flashi inamaliza shida hiyo kwa kuwa mwanga wake ni mweupe. Anayetaka ule mng'ao wa matumbawe chini ya taa ya buluu atumie filta ya njano au ya chungwa mbele ya lenzi, na apige RAW. Taa za LED pia huwaka na kuzima kwa kasi isiyoonekana, hasa zikipunguzwa nguvu. Shata ya kielektroniki huinasa hali hiyo kama michirizi ya kulala. Tumia shata ya kawaida, au ongeza taa hadi mwisho.

Kwa anayenunua vifaa vilivyokwisha kutumika, nimekuja na tochi. Lenzi imulike kutoka nyuma ukitazamia mbele: kuvu huonekana kama nyuzi za utando, na hiyo usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Vumbi dogo halina neno. Fungua na kubana tundu, uone kama vile vibao vyake vinarudi haraka na havina mafuta. Flashi iwashe kwa nguvu zote mara kadhaa mfululizo, ukisikiliza kama inachaji kwa muda ule ule kila mara. Triga na flashi zijaribiwe pamoja pale pale, maana si kila triga inaelewana na kila kamera.

Hapa mezani kuna tangi dogo, flashi moja na makro mbili. Aliyekuja na kamera yake aisogeze, na mwenye swali aulize wakati tunapiga. Karibuni.